Aliyechimba Kabla Yako

Mwaka nilioacha chuo, kazi ya kwanza niliyoipata Mombasa ilikuwa ya sululu. Tulikuwa watu watano tunachimba mtaro wa bomba la maji taka katika uchochoro mmoja wa Kibokoni, mwembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kugusa nyumba za pande zote. Shilingi 600 kwa siku, na chai ya saa nne juu yako mwenyewe. Siku mbili za mwanzo tuligonga jiwe tu. Jiwe jeupe, gumu, lenye vitundu kama mkate wa sinia. Mikono ilivimba, lakini kuta za mtaro zilisimama wima, safi, utadhani zimekatwa kwa kisu.

Siku ya tatu, tulipofika kina cha mabega, jiwe likaisha. Halikupungua kidogo kidogo. Liliisha ghafla, kama ukuta unavyoishia mlangoni. Upande mmoja ukawa udongo mweusi, laini, wenye unyevu, umejaa vigae vya vyungu, makombe ya pwani na mifupa ya samaki. Sisi vijana tulifurahi. Udongo laini ni kazi nyepesi, na tulikuwa tumechoka na jiwe.

Kulikuwa na ami mmoja, mtu mzima, aliyewahi kuchimba visima enzi zake. Yeye kazi yake ilikuwa juu, kupokea kifusi. Akachungulia, akauliza, "Huo weusi umeanza lini?"

Nikamjibu, "Sasa hivi tu, ami."

"Tokeni. Tokeni nyote."

Mimi nilikuwa karibu na ngazi. Mwenzangu alikuwa mbali nayo, na kwanza aliinama kuokota karai lake. Watu hudhani ukuta wa shimo ukianguka hupiga kishindo. Ule ulitoa sauti ya gunia la mchele likimwagwa sakafuni. Nilipogeuka, udongo ulikuwa umemfika kiunoni.

Tulimtoa baada ya dakika kama arobaini, kwa mikono na makarai, kwa sababu ami alikataza sululu isikaribie miguu yake na akakataza kabisa tusimvute. Nyonga ilikuwa imepata ufa. Aliyetuajiri alilipa hospitali siku ya kwanza. Siku ya pili simu yake ikawa haipatikani.

Tangu siku ile swali la ami halijanitoka. Huo weusi umeanza lini? Yeye alikuwa akiuliza dakika. Lakini jibu la kweli, nilikuja kulijua baadaye, linahesabiwa kwa vizazi.

*

Ukimuuliza mtu wa Mombasa kisiwa chake kimesimama juu ya nini, atakwambia jiwe. Na hakosei. Sehemu kubwa ya kisiwa, hasa upande huu wa Mji wa Kale unaotazama bahari, ni tumbawe: mwamba uliojengwa na viumbe vya baharini zamani sana, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Nyumba za zamani zimetoka humo humo. Jiwe lilichimbwa ardhini, chokaa ikapatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Kwa hiyo kila nyumba ya mawe uionayo Mji wa Kale ina shimo lake mahali fulani, pale jiwe lake lilipotolewa.

Ushahidi mkubwa wa sifa ya jiwe hili ni Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Wengi wetu tuliletwa pale na shule, tukaonyeshwa mizinga, tukapiga picha, tukarudi. Mara nyingine ukienda, angalia chini. Upande wa nchi kavu kuna handaki, na handaki lile halikujengwa, lilichongwa ndani ya mwamba. Ndani ya ngome kuna pia njia ya matao, iliyokatwa kwenye tumbawe kuteremka kuelekea baharini. Kuta hizo zimesimama wima kwa zaidi ya miaka 400, zimeona Waomani wakiizingira ngome tangu 1696 hadi 1698, zimeona gereza la Waingereza, na leo zinaona watalii.

Neno handaki lenyewe limesafiri. Tumelipata kwa Waarabu, khandaq, na wao walilipata kwa Waajemi. Aliyesoma madrasa anakumbuka Vita vya Handaki, Madina, mwaka wa 5 Hijria, ambapo wazo la kuchimba lilitolewa na Salman Mfarisi. Tangu hapo kuchimba ilikuwa njia ya kujikinga. Unachimba ili anayetumbukia awe adui.

Tatizo ni kwamba Fort Jesus imetufundisha nusu ya somo. Imetufundisha kwamba jiwe la Mombasa halianguki, na kila fundi niliyefanya naye kazi ana imani hiyo. Ukimwambia habari ya kukinga kuta za mtaro kwa mbao, anakucheka: "Hapa si Nairobi, hapa ni jiwe." Kuna ukweli ndani yake. Hata kanuni za usalama za Marekani, zinazotaka mtaro wowote wa kuanzia futi 5 uwe na kinga dhidi ya kuanguka, zinaruhusu kuta wima zisizokingwa kama mtaro mzima umechimbwa ndani ya mwamba imara. Neno la kushika hapo ni "mzima". Nusu mwamba na nusu kifusi haihesabiki kuwa mwamba.

Na Mji wa Kale, ukishatoboa kabro, ni nusu kwa nusu.

*

Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331. Aliyoyaandika juu ya Mombasa ni machache, lakini ndani yake kuna visima. Alisema kwenye milango ya misikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, watu wakiteka maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Dhiraa moja ni karibu nusu mita. Kwa hiyo karibu miaka 700 iliyopita, jambo moja ambalo mgeni aliliona Mombasa hata akalikumbuka ni mashimo yake.

Mji aliouona haukuwa hasa hapa ulipo Mji wa Kale wa leo. Mombasa ya zamani ilienea kaskazini zaidi, pande za Hospitali Kuu ya Pwani na shule ya Allidina Visram. Tumelijua hilo kwa sababu ya mjengo. Miaka ya 1970, wakati wa kazi za ujenzi kwenye eneo la hospitali, mwanaakiolojia Hamo Sassoon, aliyekuwa akiisimamia makumbusho ya Fort Jesus, alipata nafasi ya kuchimba. Ripoti yake ilitoka mwaka 1980. Alikuta matabaka ya makazi yanayoanzia karibu mwaka 1000 hadi karne ya 16, mji juu ya mji.

Nimeisoma habari hiyo nikiwa na swali la kibarua, si la mwanachuo. Mwanaakiolojia anachimba shimo kama letu, kwa mikono, siku nyingine lenye kina kuliko letu. Kwa nini halimwangukii? Sehemu ya jibu ni kwamba anachimba pole pole, na kila rangi ya udongo inapobadilika anasimama. Udongo mweusi ndani ya udongo mwekundu kwake ni habari: hapa palikuwa na shimo, mtu alilichimba, mtu mwingine akalijaza. Anaacha kingo, anakata ngazi, haweki mzigo juu ya ukingo. Anafanya hivyo kulinda historia, lakini njiani anayalinda na maisha yake.

Ami hakusoma akiolojia, lakini alijua jambo lile lile. Udongo uliokwisha kuchimbwa hata mara moja hausimami tena kama ule ambao haujaguswa. Unaweza kuurudisha, kuushindilia, kujenga juu yake na kukaa miaka mia, bado hautarudi ulivyokuwa. Ukiufungulia upande mmoja, unaondoka.

*

Sasa yahesabu mashimo ya Mji wa Kale. Visima vya misikiti na vya nyumba. Mashimo ya mawe. Na vyoo. Waswahili wa miji ya mawe walikuwa na vyoo vya shimo ndani ya nyumba tangu zamani. Ukienda Gede, mji uliohamwa kule karibu na Watamu, utaviona vyoo na visima vyao wazi kabisa. Nyumba ikibomoka, jirani anajenga juu yake. Shimo la choo linajazwa takataka, majivu, vigae na mifupa, kisha linasahauliwa. Udongo wetu mweusi wa Kibokoni ulikuwa huo.

Halafu yakaja maji ya bomba. Kisiwa hiki kina visima vingi vya maji ya chumvichumvi. Hata kisima cha Wareno ndani ya Fort Jesus hakikufaa kwa kunywa, ikabidi wavune mvua. Katika karne ya 20 maji yakavutwa kutoka chemchemi za Shimba Hills, na mwaka 1957 bomba la Mzima likaanza kuyaleta kutoka Tsavo, safari ya zaidi ya kilomita 200. Kila tone lililofika kisiwani lilipitia mtaro uliochimbwa na mtu.

Lakini maji yanayoingia nyumbani lazima yatoke. Shimo la choo lililotosha familia inayoteka kwa ndoo halitoshi familia yenye mfereji na bafu. Nyumba zikagawanywa vyumba, vyumba vikapangishwa, na mashimo mapya yakachimbwa kando ya yale ya zamani. Maji machafu yakawa yanazama chini na kulainisha kifusi kilichokuwa kikavu. Siku bomba linapoletwa, mtaro wake unapita katikati ya hayo yote.

Na si maji peke yake. Waya wa kwanza wa telegrafu wa baharini ulifika Mombasa kutoka Zanzibar mwaka 1890. Mwaka 2009 zikafika nyaya za TEAMS na SEACOM, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti kwa intaneti. Wewe unayesoma makala haya kwenye simu, neno hili limekufikia kupitia mitaro. Baharini waya ulitandazwa na meli. Nchi kavu ulifukiwa na vijana wenye sululu na beleshi, wengi wao bila kofia ngumu, wakifuata mstari wa chokaa uliochorwa na mtu asiyejua kilichoko chini yake.

*

Nimejifunza hesabu chache tangu siku ile, na naziweka hapa kwa sababu hakuna aliyetupa sisi.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kati ya tani moja na nusu na mbili. Probox tupu ni kama tani moja na kidogo. Kwa hiyo kipande cha ukuta kisichozidi ukubwa wa friji kubwa kinaweza kukulalia kwa uzito wa gari. Ukifukiwa hadi kifuani unaweza kufa huku kichwa kiko nje na unaongea, kwa sababu kila ukitoa pumzi udongo unakaza, na mbavu hazipati tena nafasi ya kupanuka.

Njia rahisi ya kuzuia hayo ni kuulaza ukuta badala ya kuusimamisha. Kwenye udongo wa kichanga usioshikana, kanuni ya kawaida ni kwamba kwa kila mita moja ya kina unarudi nyuma mita moja na nusu, kila upande. Fanya hesabu. Mtaro wa mita 2, wenye upana wa sentimita 60 chini, utataka mita 6.6 juu. Uchochoro wetu haukufika hata mita 2. Ungelaza ukuta ungeingia kwenye sebule za watu.

Na nyumba zenyewe ni sehemu ya hatari. Kuta za Mji wa Kale ni nene, nusu mita hivi, za mawe na chokaa, na uzito wake unasambaa chini ya msingi kwa mshazari, kama sketi ya mwanamke aliyeketi. Ukichimba chini ya msingi ukiwa ndani ya mshazari ule, udongo unaoutoa ndio unaoibeba nyumba ya jirani. Shimo likianguka, nyumba nayo inakuja kuangalia kulikoni.

Kwa hiyo kwenye uchochoro njia ni nyingine. Unachimba vipande vifupi, unalaza bomba, unajaza, ndipo unaendelea. Unakinga kuta kwa mbao na mihimili ya kupingamana. Kifusi unakipeleka mbali, angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na pasipo nafasi unakitoa kabisa kwa mkokoteni. Ngazi inakuwa karibu, si zaidi ya mita 7 na nusu kutoka kwa mtu yeyote aliye ndani. Na mtu mmoja anayejua anakagua asubuhi kabla hamjaingia, na tena baada ya mvua. Sisi tulikirundika kifusi ukingoni, mbao hazikuwepo, na aliyejua alikuwa amepewa kazi ya kubeba karai.

Sheria zipo, tusidanganyane. Kenya ina kanuni za ujenzi za mwaka 1984 zenye sehemu inayohusu uchimbaji. Ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ya mwaka huo huo ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, na sheria ya makumbusho ya 2006 inamtaka anayekuta vitu vya kale aripoti. Kwa maandishi, mtaro wetu ulikuwa unalindwa mara mbili: sisi kama watu, na vigae vyetu kama urithi. Kwa vitendo, vigae vilizolewa na mkokoteni pamoja na kifusi, na mwenzangu akazolewa na tuktuk.

Kuna methali sote tunaijua: mchimba kisima huingia mwenyewe. Tunaitumia kwa mtu mbaya anayemtegea mwenzake. Nimeifikiria sana, na naona wahenga waliitunga wakati mchimbaji na mwenye shimo walikuwa mtu mmoja. Siku hizi mwenye shimo yuko ofisini, au Nairobi, au kwenye simu isiyopatikana. Anayeingia ni mwingine kabisa.

*

Jambo lililoniuma zaidi lilitokea jioni ile ile. Tuktuk imeshaondoka, sisi tumekaa barazani, mikono inatetemeka, hakuna anayeongea. Dirisha la juu likafunguliwa. Bibi mmoja mzee, mwenyeji wa nyumba ile, akatushushia chupa ya chai kwa kikapu na kamba. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejisemea:

"Hapo palikuwa na choo cha nyumba ya kale. Kabla mimi sijaolewa. Babake mume wangu ndiye aliyekifukia."

Ami akamuuliza, "Bi mkubwa, mbona hukutwambia?"

"Niliwaona siku tatu mwachimba, wanangu. Hakuna aliyeniuliza."

Alikuwa na ramani yote kichwani. Kisima cha nyumba ya pili kilifukiwa lini, ukuta gani ulianguka mwaka gani wa mvua, ngazi za kale zilielekea wapi. Siku tatu tulikuwa chini ya dirisha lake. Injinia alikuja na karatasi, msimamizi akaja na kamba na chokaa, na sisi tukaja na sululu. Hodi hatukupiga.

Nilifanya mitaro mingine minne kabla sijaacha kazi ile. Kila mmoja, kabla ya kugusa jiwe, nilizunguka milango nikauliza: shikamoo, hapa zamani palikuwa na nini? Wenzangu walinicheka, wakaniita profesa, jina linalouma kidogo kwa mtu aliyeacha chuo. Lakini mara mbili majibu yalibadilisha mstari wa mtaro. Mara moja kilikuwa kisima kilichofunikwa kwa mbao na kabro tu, Mungu ametusitiri. Wengi wa wanaojua majibu haya ni wazee sana, na hakuna daftari lolote nililowahi kuonyeshwa lenye maneno yao. Kila tukizika mmoja tunazika na ramani.

Mwenzangu anatembea. Anachechemea mvua ikikaribia, na sasa anauza viazi karai Makadara, kazi ya kusimama juu ya ardhi. Kibokoni mtaro ulifukiwa haraka haraka, kabro ikarudishwa. Nikipita pale huwa natazama chini. Kabro yote imenyooka isipokuwa mahali pamoja, kama upana wa mlango, ambapo imezama kidogo. Mvua ikinyesha, maji husimama pale pale, kwa umbo la lile shimo la zamani.